Nyayo Katika Shamba Jipya: Safari ya Kwakuchinja

Niliondoka Arusha alfajiri, mwishoni mwa Novemba, mvua za vuli zikiwa zimenyesha siku mbili mfululizo, nikapanda Coaster iendayo Babati. Nia yangu ilikuwa kuuona kwa macho yangu ukanda wa ardhi ulio kati ya Hifadhi ya Taifa ya Tarangire na Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Manyara, ambao wahifadhi wanauita ushoroba wa Kwakuchinja. Msimu huo niliuchagua makusudi. Watalii wengi huja kati ya Juni na Oktoba, wakati wanyama wamejazana kando ya Mto Tarangire kwa sababu maji ya kudumu hayapatikani kwingine, lakini mimi nilitaka kufika wakati wanyama wanatoka, kwa kuwa ni wakati huo ndipo mtu anapoelewa kwamba mpaka wa hifadhi na mpaka wa maisha ya mnyama ni vitu viwili tofauti.

Mvua za kwanza zikinyesha, nyumbu na pundamilia huuacha mto na kutawanyika. Wengine huelekea mashariki kwenye nyanda za Simanjiro, wengine kaskazini hadi nyanda za Gelai karibu na Ziwa Natron, na huko ndiko wanakozalia. Si kwamba ndani ya hifadhi nyasi zimekwisha. Nyasi za nje, hasa zile fupi za Simanjiro, zina madini zaidi, fosforasi ikiwa mojawapo, na jike anayenyonyesha hawezi kuyakosa. Jambo hili halikugunduliwa jana, maana mtafiti Hugh Lamprey alizichora njia hizo za wanyama tangu Tarangire ilipokuwa pori la akiba, kabla haijatangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1970. Hata hivyo, mpaka uliowekwa ulizunguka maji ya kiangazi tu. Hifadhi ina kilomita za mraba 2,850, ilhali eneo ambalo wanyama wake hulitumia kwa mwaka mzima linafikia kiasi cha kilomita za mraba 20,000. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo iliyobaki ni ya vijiji, yaani ni malisho ya watu, mashamba ya watu na viwanja vya watu.

Tulipopita Makuyuni, kiasi cha kilomita 80 kutoka Arusha, ambapo barabara ya kwenda Mto wa Mbu na Ngorongoro inachepuka kulia, nilihamia kiti cha dirishani. Muda si mrefu tukaikuta Manyara Ranch, ekari zipatazo 45,000 zilizokuwa ranchi ya serikali na ambazo mwaka 2001 ziliwekwa chini ya amana ya uhifadhi, ili ng'ombe wa vijiji vya Esilalei na Oltukai na wanyamapori watumie ardhi moja bila kuigawa. Twiga watatu walikuwa wamesimama hatua chache kutoka lami, na dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa na mtu. Niliona pia pundamilia wakichanganyika na mbuzi, na kijana mchungaji aliyevaa shuka jekundu akiwapita kana kwamba ni mifugo ya jirani yake.

Baada ya hapo mandhari ilibadilika. Kadiri tulivyokaribia Kwakuchinja na Minjingu, nilianza kuona vibao vya mbao vilivyopigiliwa kwenye migunga, vimeandikwa kwa rangi nyekundu "Viwanja vinauzwa" pamoja na namba za simu. Mahali pamoja, upande wa Ziwa Manyara, palikuwa na msingi wa nyumba uliojengwa kwa mawe, umeinuka hadi magotini, na nondo zimechomoza kwenye pembe nne. Hapakuwa na fundi wala mlinzi. Nyasi zilikuwa zimeanza kuota kati ya vyumba. Niliutazama hadi ulipopotea nyuma yetu, nikajiuliza kama aliyeuza kile kiwanja na aliyekinunua waliwahi kuambiwa ni nini kinachopita pale usiku.

Niliteremka, nikakodi bodaboda, na kijana aliyenibeba akanipeleka hadi shamba la mama mmoja wa kabila la Wambugwe, mtu mzima wa makamo ya mama yangu, aliyekuwa akipanda mahindi pamoja na binti yake. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Pita huku pembeni, usikanyage mistari."

Shamba lilikuwa limelimwa kwa trekta siku nne kabla. Udongo ulikuwa mweusi, bado una unyevu, na mistari ya jembe ilikwenda sambamba kutoka mashariki hadi magharibi. Kukata mistari hiyo kwa mshazari kulikuwa na nyayo za tembo. Sijawahi kuziona kwa karibu namna ile. Niliinama nikapima mmoja kwa shubiri, ukazidi shubiri mbili, na ndani yake maji ya mvua yalikuwa yametuama, juu yake zinaelea mbegu mbili za mahindi zilizofukuliwa. Ufa wa ngozi ya unyayo ulikuwa umejichora kwenye tope wazi kabisa, kama mistari ya kiganja cha mkono. Nyayo hizo hazikuzungukazunguka, kwa maana tembo hao hawakuja kula, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kula. Walilivuka shamba kwa mstari mmoja, wakaenda zao.

"Hawa hawana ubaya wakati huu," mama alisema. "Ubaya wao ni mbaazi zikikomaa. Mwaka jana walimaliza robo tatu ya shamba usiku mmoja. Tuligonga madebe, tukachoma pilipili na kinyesi chao, hawakusikia."

Nilimuuliza kama alilipwa. Alinieleza kwamba ofisa alikuja, akapima, akaandika, kisha yeye akasubiri msimu mzima. Kwa sheria zetu malipo hayo hayaitwi fidia bali kifuta jasho, na jina hilo lina uzito wake, kwa kuwa halidai kwamba mkulima amelipwa alichopoteza. Kanuni za mwaka 2011 zilipanga viwango kuanzia shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kwa ekari zisizozidi 5, kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, na zikamwacha bila chochote mwenye shamba lililo ndani ya mita 500. Nikiwa nimesimama kati ya nyayo zile, niliona kasoro ambayo sikuwa nimeiona nilipozisoma kanuni hizo mezani. Umbali unahesabiwa kutoka kwenye mpaka, wala hauhesabiwi kutoka kwenye njia. Shamba la mama huyu liko kilomita nyingi kutoka lango la Tarangire, hivyo kwenye karatasi liko mbali na hatari, lakini tembo wanapita katikati yake.

"Kama wangeniambia kabla sijanunua kwamba hapa ni njia, nisingenunua," alisema huku akifukia mbegu kwa unyayo. "Niliuziwa na mwanakijiji mwenzetu, mashahidi walikuwepo, na karatasi ina muhuri."

Neno hilo la muhuri ndilo lililonipeleka mchana huo kwenye ofisi ya kijiji. Mtendaji alinipokea kwa heshima, akanipa kiti, na nilipomweleza shida yangu akachukua kutoka juu ya kabati ramani iliyoviringishwa, akaifuta vumbi kwa kiganja, akaitandaza mezani na kuikandamiza pembeni kwa daftari la wageni na chupa ya wino wa muhuri. Ilikuwa ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji. Makazi yalipakwa rangi ya kahawia, mashamba njano, malisho kijani hafifu, na katikati kulikuwa na ukanda wa kijani kilichokolea ulioandikwa "Mapito ya wanyamapori". Nilimwomba anionyeshe shamba nililotoka. Aliweka kidole taratibu, akakisogeza kidogo, kisha akakiacha hapo. Kilikuwa ndani ya kijani kilichokolea.

"Ramani nimeikuta," alisema, "na shamba nimelikuta."

Sheria ya kuzuia jambo hili haikosekani, na hilo ndilo linaloniuma. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nafasi ya kuamua ardhi ipi ni ya pamoja na ipi igawiwe. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaiwezesha halmashauri ya kijiji kuandaa ramani kama ile niliyoiona. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, katika kifungu cha 22, inampa waziri mamlaka ya kutangaza shoroba, maeneo ya mtawanyiko, maeneo ya kinga na njia za uhamaji, na mwaka 2018 zikatungwa kanuni mahususi za kuyatambua na kuyasimamia maeneo hayo. Mwaka 2022 ukatoka mpango wa taifa ulioorodhesha shoroba 61 nchini kote. Nilipokuwa nimeiinamia ramani ile, niliona kwamba karatasi zote hizi zinakatikia mahali pamoja, napo ni zile hatua chache kati ya kabati la mtendaji na daftari la mauzo ya ardhi. Mpango wa matumizi ya ardhi hauna meno mpaka kijiji kitunge sheria ndogo, nazo zikubaliwe na halmashauri ya wilaya. Ukanda wenyewe pia lazima upimwe na kuwekewa alama ardhini ambazo mtu asiyejua kusoma ramani anaweza kuzigusa. Niliuliza kuhusu alama. Ziliwahi kuwekwa, mtendaji alisema, nguzo za zege zilizopakwa chokaa, na baadhi zimelala.

Sitaki msomaji adhani kwamba vijiji hivi havijafanya kitu. Vijiji 10 vya wilaya ya Babati vimetenga ardhi yao na kuunda Jumuiya ya Hifadhi ya Wanyamapori Burunge, inayofahamika kwa jina la JUHIBU, na ni ardhi hiyo iliyoziba sehemu kubwa ya pengo kati ya hifadhi hizi mbili. Wamejinyima kulima na kujenga pale, wameajiri askari wanyamapori wao wenyewe, nao hupata mapato kutokana na kambi za watalii, ambayo sehemu yake hurudi vijijini kujenga madarasa na zahanati. Upande wa Simanjiro, kijiji cha Terrat kiliingia mkataba na kampuni za utalii katikati ya miaka ya 2000, kikakubali kutolima nyanda za malisho na kupokea malipo kila mwaka, huku wafugaji wakiendelea kulisha humo kama zamani. Mkataba huo naupenda kwa sababu ulianza na swali la nani anayebeba gharama. Tukimwambia mama yule aache ekari zake kwa sababu tembo ana haki ya kupita, basi ni lazima kwanza tumwonyeshe ekari nyingine, au fedha za kuinunua. Tangazo la serikali lisilo na bajeti ya jambo hilo litamfanya yeye kuwa mvamizi wa shamba alilolinunua mbele ya mashahidi, na litamfanya tembo kuwa adui yake kwa maisha yake yote.

Mtendaji aliniambia kwamba rasimu ya sheria ndogo ingejadiliwa kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata. Nilimuuliza kama wenye mashamba ndani ya ukanda wameitwa mahususi. Alifikiri kidogo, akavuta daftari, akaanza kuandika majina yao.

Jioni nilipata nafasi ya kukaa na askari wawili wa jumuiya kando ya barabara kuu. Kila mmoja alikuwa na tochi, redio ya mkononi na koti la mvua, na kazi yao usiku huo ilikuwa kuangalia kama kundi lililoonekana mchana litavuka lami. Madereva wa magari ya mizigo hawapendi kusimamishwa, walisema, na wao hawana mamlaka ya barabarani, kwa hiyo hutegemea utu wa dereva. Mkubwa kati yao alinionyesha kwenye simu yake picha ya twiga aliyegongwa, shingo imelala juu ya mstari mweupe. Sikuweza kuitazama kwa muda mrefu.

Ilipofika karibu saa tatu usiku tulisikia matawi yakivunjika upande wa Tarangire. Askari mdogo aliinuka akaenda mbele kiasi cha mita mia mbili, akaanza kuzungusha tochi yake taratibu, na lori lililokuwa likija kutoka Babati likapunguza mwendo, likasimama, dereva akazima taa kubwa. Tembo walitoka mmoja mmoja, kwa utulivu usioelezeka kwa wanyama wenye uzito ule, nikahesabu 11, wa mwisho akiwa ndama aliyeshika mkia wa mama yake kwa mkonga. Walipokwisha kuvuka, askari mkubwa aliwaelekezea tochi iliyofunikwa kwa vidole, na kwenye mwanga ule mwekundu niliwaona wakishuka bondeni upande wa Ziwa Manyara, wakafika kwenye ule msingi wa mawe niliouona asubuhi. Jike aliyetangulia alisimama. Aliinua mkonga, akanusa nondo moja, akausogelea ukuta kwa mguu mmoja kisha akaurudisha, na kundi zima likasimama nyuma yake likisubiri.