Nilivyoacha kurudi nyumbani na madaftari

Walimu wenzangu, muhula uliopita nilifika pabaya, usingizi hakuna, kichwa kinagonga, nashuka daladala hapa Buswelu, Mwanza, nimepakata madaftari 90 ya darasa la tano nasahihisha mpaka saa sita usiku. Nikajaribu kuamka alfajiri, wapi, kahawa nayo ikanipa mapigo ya moyo tu. Kilichonitoa ni kusahihisha humo humo darasani nikipita kwenye madawati, leo safu hii kesho ile, wengine wanabadilishana madaftari tunasahihisha wote ubaoni. Ila mchawi alikuwa kalamu nyekundu bwana! Naifungia kwenye droo ofisini kabla sijatoka, maana ikiwa mkobani mkono utaipapasa tu. Sasa jioni nageuza sato wangu jikoni, mtoto ananipigia stori, saa nne nimelala.