Kumbukumbu ya mradi: cc 150, mvua za monsuni za Pune, na maji yaliyokuwa yanaingia kwenye tanki

Wakuu, imekubali. Mvua ilipiga hapa Pune, India, usiku kucha, pikipiki nikaiacha nje bila turubai kwa makusudi, na asubuhi ikapanda mlima wa Katraj hadi kwenye handaki la zamani bila kukohoa. Mnaofuatilia mradi huu tangu Juni mnajua hiyo ina maana gani.

Kwa wageni, kwa ufupi: ni cc 150, kabureta, gia tano, mkono wa pili. Ni ya kabla ya Aprili 2017, kwa hiyo swichi ya taa ya mbele bado ipo. Zilizotoka baada ya hapo taa inawaka muda wote injini ikiwa inanguruma, utake usitake. Jina la kampuni naliacha kwa sababu ugonjwa huu unaweza kuipata pikipiki yoyote yenye mfuniko wa tanki uliolala bapa, ule wa kufungua kwa ufunguo na kukunja kama wa ndege. Kazi yake ni kunipeleka Hinjewadi kazini na kunirudisha, kwenye foleni ambayo mtu wa Mbagala angeitambua mara moja. Huwa inanipa kama kilomita 45 kwa lita, na kwa petroli inayozidi rupia 100 siwezi kulalamika.

Sasa ugonjwa. Mvua kubwa ikinyesha usiku, asubuhi unabonyeza stata inawaka vizuri tu. Sailensa, yaani mngurumo wa bila kuvuta resi, iko sawa. Unatoka getini, unafika barabara kubwa, unavuta resi ili uingie kati ya basi na riksho, inazima. Siyo kuzima ghafla kama umekata swichi: inameza mate kwanza, inamisi mara mbili tatu, halafu kimya. Ukirudisha resi mapema inajikokota. Ukivuta choki inapata nafuu kidogo. Jua likiwaka siku mbili, imepona yenyewe, na wewe unaonekana mzushi mbele ya fundi.

Kila mtu alisema umeme. Fundi wa mtaani alikuwa tayari ameshika koili mpya mkononi kabla sijamaliza kueleza, na CDI, kile kiboksi kinachoamua cheche ipige lini, alitaka kuiongeza juu. Simlaumu, pikipiki ikigoma kwenye mvua ndiyo njia ya kwanza ya kufikiria. Ila umeme una kipimo cha bure. Subiri giza, washa injini, nyunyizia maji kwenye koili, waya wa plagi na kofia yake kwa chupa ya kupulizia, halafu angalia. Kama umeme unavuja utauona unacheza rangi ya bluu. Yangu nililowesha mpaka maji yakawa yanachuruzika kwenye mapezi ya injini: giza tupu, na mngurumo haukubadilika hata kidogo. Koili ikarudi dukani kwa mwenyewe.

Kilichonifungua macho ni koki, ile ya kufungua na kufunga mafuta chini ya tanki. Mnajua ndani ya tanki koki ina midomo miwili: mrija uliosimama, huo ni wa ON, matumizi ya kawaida, na tundu la chini kabisa, hilo ni la rizevu, mafuta ya akiba. Siku moja ilizima nikiwa ON, tanki lina nusu, nikageuza rizevu bila sababu ya maana, na hali ikawa mbaya zaidi. Haikuwaka tena kabisa. Mafuta ni yaleyale, tanki ni lilelile, tofauti ni kimo cha mdomo tu. Kwa hiyo kilichokuwa chini hakikuwa petroli.

Nikarudi nyumbani kwa kusukuma, nikachukua chupa tupu ya achari, ya kioo, nikafungua skrubu ya kumwaga iliyo chini ya bakuli la kabureta. Kilichotoka kwanza kilikuwa kimefifia, chenye ukungu. Nikafungua koki upande wa rizevu nikajaza chupa hadi karibu na shingo, nikaiweka juu ya ukuta wa maegesho. Baada ya kunywa chai nikaikuta imejigawa: juu petroli safi ya njano hafifu, chini tabaka lenye upana wa kidole, na kati yao mstari ulionyooka kama umechorwa kwa rula. Ukiinamisha chupa tabaka la chini linasogea pole pole, na punje za kutu zinabingirika ndani yake.

Hapa lazima niseme kuhusu E20, kwa sababu ndiyo inayofanya ugonjwa huu usifanane na ule wa nyumbani. Petroli ya India siku hizi ina ethanoli, aina ya pombe, asilimia 20, ndiyo hiyo E20. Petroli ya kawaida na maji havipatani, hata tone dogo linashuka chini na unalikuta pale pale. Ethanoli inayapenda maji. Inayanywa, inayaficha, na pikipiki inatembea kama hakuna kitu. Maji yakizidi kipimo chake, ethanoli inaiacha petroli na kushuka chini pamoja na maji. Kwa hiyo lile tabaka kwenye chupa yangu halikuwa maji matupu, lilikuwa maji na ethanoli pamoja, ndiyo maana lilionekana kubwa kuliko mvua niliyodhani imeingia. Ndiyo maana pia manyunyu hayakuwa na madhara na mvua ya usiku kucha ikawa balaa.

Sawa, yameingilia wapi? Kituo cha mafuta nilikishuku, lakini jirani yangu anajaza pampu hiyohiyo na pikipiki yake haijawahi kuleta ujinga. Unyevu wa hewa hauwezi kuleta kidole kizima. Ikabaki mfuniko.

Ukifungua ule mfuniko bapa, mdomo wa tanki umezungukwa na mfereji mwembamba, na kwenye mfereji kuna kitundu ambacho mtu anaweza kukaa na pikipiki miaka bila kukiona. Hicho ndicho njia ya maji ya mvua. Kinaendelea na bomba dogo la chuma linalopita katikati ya tanki lenyewe, linatokea chini, linaunganishwa na mpira unaoshuka nyuma ya injini na kumwaga ardhini. Nikachukua kijiko cha chai, nikatia maji kwenye mfereji. Yakakaa. Nikaongeza kijiko cha pili, yakapanda mpaka ukingo wa mdomo wa tanki, yakasimama hapo yananiangalia. Kingine na yangeingia ndani. Usiku mzima wa monsuni ni vijiko vingapi?

Juu kulikuwa na uchafu mgumu mweusi, vumbi na nta ya kung'arishia ya mwenyewe wa kwanza, aliyekuwa anaipenda pikipiki kwa nje. Huo ulitoka kwa waya mmoja wa klachi ya zamani niliouchambua. Lakini maji bado hayakupita. Nikavua ule mpira wa chini, nikaubinya kwa vidole, ukavunjika ndani kwa mlio wa chaki: udongo. Nyigu wa udongo alikuwa amejenga humo, chumba kwa chumba, karibu urefu wa kidole gumba. Nimekata mpira mpya, mdomo wake wa chini nimeufunga kwa kipande cha wavu wa mbu. Kijiko cha maji sasa kinapotea kabla sijakirudisha mezani.

Kuhusu bisibisi, maana nimeudhika. Skrubu za bakuli la kabureta zenye asili ya Kijapani, za kampuni kama Mikuni na Keihin na ndugu zao, zina msalaba wa JIS, kipimo cha Kijapani, siyo Phillips, ule msalaba wa bisibisi za kawaida. Kwa macho ni mapacha. Phillips haikai mpaka chini, inapanda na kula kichwa cha skrubu, halafu mnasema chuma cha siku hizi ni laini. Fundi aliyepita kabla yangu alikuwa amezila tatu kati ya nne. Nimezitoa kwa bisibisi ya kugonga kwa nyundo, nikaenda Nana Peth kwenye vichochoro vya vipuri nikanunua za kofia ya allen, zenye tundu la pembe sita. Spana zao za mkono wa T, hizo nazipigia saluti: nane, kumi, kumi na mbili, na nusu ya pikipiki iko chini.

Ratiba ilisema baada ya hapa ni cheni na spoketi, kisha kupima nafasi ya vali. Cheni imekaa kwenye boksi lake chini ya kitanda. Zile punje za kutu kwenye chupa zimenikaa kichwani, kwa hiyo tanki limeshuka tena, nimeziba tundu la koki, na nimejaza maji ya moto yenye asidi ya limau ya unga, ile ya dukani ya kupikia. Yakitoka nitasuuza kwa maji yenye magadi, nitakausha kwa hewa moto haraka kabla kutu haijarudi, na nitapitisha petroli na oili kidogo kuta zote. Msinishauri chujio la karatasi kwenye mpira wa mafuta: hapa hakuna pampu, mafuta yanashuka kwa uzito wake tu, na chujio zito litanirudishia kuzima palepale kwenye mwendo wa resi. Natafuta lile la wavu, lenye kikombe cha kioo chini, ili maji yakija tena niyaone kabla ya injini.

Kama kuna mtu amewahi kulifunga kwenye pikipiki yenye nafasi ndogo kati ya koki na kabureta, aweke vipimo. Yangu ina sentimita sita, na mpira ukipinda kupanda juu hewa inakwama.