Nilivyomlipa wakili anifutie rekodi ya jinai bila kuingia kwenye madeni

Kosa lenyewe ni la zamani. Faini nililipa, adhabu nikaimaliza, lakini kumbukumbu ya polisi ilibaki pale pale, na kila nilipoomba kazi inayodai alama za vidole, ilinitangulia kufika. Niliposikia kuwa mahakama inaweza kuamuru ifutwe, nilianza kupiga simu kuuliza bei.

Wapo mawakili walionitajia kiasi kizima kwenye simu hata kabla ya kuuliza nilihukumiwa kwa kosa gani. Hao niliwaacha. Kwenye kazi hii, aina ya kosa, mwaka wa hukumu na kama adhabu imekamilika ndivyo vinavyoamua kama kuna ombi la kupeleka mahakamani au hakuna. Anayetaja bei kabla ya kuyajua hayo anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Nilimkimbia pia mmoja aliyeniahidi kwamba "hii itafutika tu". Mwenye uamuzi ni hakimu, na wakili makini hauzi ahadi ya matokeo.

Kabla ya kutoa pesa yoyote nilisoma kwanza, maana si kila rekodi inahitaji wakili. Uingereza ina sheria ya mwaka 1974 inayofanya hukumu nyingi zihesabike zimepitwa na muda zenyewe, na kwa kazi nyingi mtu halazimiki tena kuzitaja. Jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2018 ya kufunga rekodi za baadhi ya makosa madogo kwa mfumo wa kompyuta, bila mhusika kuandika hata barua. Kanada nayo mwaka 2022 ilishusha ada ya maombi hadi chini ya sehemu ya kumi ya ile ya zamani. Kwingine rekodi haifutwi bali hufungwa tu, umma usiione huku polisi na mahakama wakiendelea kuiona. Na yapo makosa, hasa ya ngono dhidi ya watoto, ambayo kwa kawaida hayaguswi hata ulipe nini. Ukijua uko fungu gani, unaweza kugundua kwamba pesa ya wakili huihitaji kabisa. Mimi niliangukia fungu la ombi la mahakamani.

Nililipia mazungumzo mafupi ya ushauri na wakili mmoja, mwanamke asiye na maneno mengi. Aliangalia karatasi nilizokuwa nazo, akasema ombi linawezekana, akanipa makadirio ya gharama. Jumla yake ilinitoa jasho.

"Wakili, naomba unichambulie hii jumla," nikamwambia.

"Nakuchambulia. Ila ujue kuna zangu na kuna za mahakama. Za mahakama sina uwezo wa kuzipunguza."

Akaanza kushuka mstari kwa mstari. Za mahakama na serikali: ada ya kufungua ombi, nakala zilizothibitishwa za hukumu, kuchukuliwa alama za vidole. Zake: kufuatilia faili, kuandaa ombi na hati ya kiapo, kusimama mbele ya hakimu. Chini kabisa kulikuwa na "gharama nyinginezo". Nilipouliza ni zipi, akafikiri kidogo, akaukata ule mstari kwa kalamu.

Kilichonishtua ni kwamba kufuatilia faili kulikaribia bei ya kuandika ombi lenyewe. Kufuatilia faili maana yake ni mtu wa ofisini kwake kwenda masjala, kungoja, kuambiwa arudi, na kurudi. Nikamwambia hiyo nitaifanya mwenyewe. Akacheka: "Kaka, masjala utapaweza?"

Nilipaweza, ila subira inahitajika. Faili la zamani halitafutwi kwa jina, linatafutwa kwa namba ya kesi na mwaka, na namba yangu niliipata nyuma ya risiti ya faini ambayo nashukuru sikuitupa. Mama karani alilikung'uta vumbi, akalifungua, na hapo tukaona jambo: kwenye hati ya mashtaka jina langu la ukoo lilikuwa limeandikwa kwa herufi moja tofauti na ile ya kitambulisho. Mimi niliona ni kitu kidogo. Wakili alipoona nakala hakukiona kidogo hata kidogo. Amri ya mahakama ikitoka kwa jina moja na kumbukumbu ya polisi iko kwa jingine, amri inabaki karatasi na rekodi inabaki rekodi. Akaongeza kifungu kwenye hati ya kiapo kueleza kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Hapo ndipo nilipoona anachostahili kulipwa. Kupanga foleni naweza mwenyewe, lakini kile kifungu nisingekiwaza.

Kwenye makubaliano ya maandishi nilikazia mambo machache. Alitaka kunitoza kwa saa. Nikaomba mkupuo, yaani bei moja isiyobadilika kwa kazi nzima, kwa sababu kesi ikiahirishwa saa zinahesabika na mimi sina mamlaka juu ya kuahirishwa. Tukakubaliana mkupuo ujumuishe kusikilizwa mara moja endapo mwendesha mashtaka ataweka pingamizi, na zaidi ya hapo bei itajwe mapema. Pesa ya ada za mahakama ikakaa kwenye akaunti ya amana ya wateja, mbali na ada yake. Malipo yake yakagawanywa: sehemu wakati wa kusaini, nyingine ombi likishafunguliwa, ya mwisho baada ya uamuzi, uwe wowote.

Msaada wa kisheria wa bure niliujaribu pia, nikaambiwa kipato changu kimevuka kiwango. Lakini kusamehewa ada ya mahakama ni ombi tofauti na lina vigezo vyake, na ukiwa huna ajira ni vizuri kuliuliza hata kama umeajiri wakili.

Pingamizi halikuja. Hakimu aliuliza maswali kuhusu kazi na makazi, akatoa amri. Siku hiyo hiyo wakili aliniambia nichukue nakala kadhaa zilizothibitishwa badala ya moja, kwa kuwa kuzifuata baadaye ni kulipa na kupanga foleni upya. Moja ilikwenda polisi, na nikadai barua ya kuthibitisha kwamba imefanyiwa kazi. Nyingine nilizituma kwa kampuni binafsi zinazochunguza historia za waomba kazi, kwa sababu hizo huwa zimeshanunua au kunakili kumbukumbu siku nyingi na hakuna anayezijulisha. Kuandikia kampuni hizo hakukuwamo kwenye mkupuo, na nilifurahi hakukuwamo, maana ni barua ya nusu ukurasa pamoja na nakala ya amri. Moja ilijibu haraka. Nyingine nililazimika kuisukuma mpaka ikaondoa.

Kwenye amana kulibaki salio dogo. Wakili alinirudishia pamoja na hesabu yake ya maandishi, na risiti zote zikiwa zimebanwa nyuma.