Saa tatu matopeni katika bonde la Lambwe

Aprili iliyopita mimi na shemeji yangu tulikodi gari mjini Kisumu kwenda Mbuga ya Ruma, kwa kuwa tulisikia kwamba wakati wa masika vilima vya Gwasi hupendeza kuliko majira mengine yote. Ni kweli vinapendeza, kijani hadi kileleni na ukungu kiunoni, lakini sikuvitazama kwa muda mrefu.

Mwenye gari alitutoza shilingi 9,000 kwa siku na kutuapia kwamba linavuta kwa magurudumu yote manne. Hilo halikuwa kweli. Kilomita chache baada ya lango njia iliingia kwenye udongo mweusi, ule ambao ukiloa hunata kama gundi. Magurudumu ya nyuma yakazunguka papo hapo, ya mbele yakatulia tuli. Niliposhuka kutia mawe, tope lilinipita vifundo na kiatu kimoja kikabaki humo. Tulipiga simu langoni, tukaambiwa tusubiri garini mpaka trekta lipatikane.

Hapo ndipo mbung'o walipotujia. Shemeji alikuwa amevaa shati la buluu, rangi inayowavuta sana, na ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi. Mmoja alitua mkononi mwangu, mabawa yamelaliana mgongoni kama makali ya mkasi, nikampiga mara mbili asife. Huuma hata juu ya nguo. Tukafunga vioo, joto likatuelemea, na jasho lilikuwa likinitiririka machoni shemeji aliponigusa bega.

Korongo watatu walikuwa wamesimama kwenye nyasi, hatua kama hamsini kutoka tulipokwama: swala wakubwa wa rangi ya kahawia iliyofifia, nyuso nyeusi zenye mabaka meupe, masikio marefu yakigeuka upande wetu. Nchini Kenya korongo wamebaki Ruma peke yake, na sensa ya wanyamapori ya 2021 iliwahesabu 15 tu.

Kwetu Vihiga kila kilima kimelimwa, na shamba la baba limegawanywa hadi ua wa ndugu mmoja unagusa jiko la mwingine. Marehemu babu alikuwa na majina ya swala wa kila namna, nasi tuliyakariri bila kumwona hata mmoja. Lambwe ilisalimika kwa sababu ya hao hao mbung'o: malale, ugonjwa wanaoueneza, iliua watu, nagana, malale ya mifugo, ikaua ng'ombe, wakulima wakalikwepa bonde, na mwaka 1966 likatengwa kuwa hifadhi. Nilitamani babu angekuwa kwenye kiti cha nyuma, anitajie jina lao kwa lugha yetu, kwa maana mimi nimelisahau.

Trekta lilifika saa kumi, na mwenyewe alidai shilingi 4,000 bila kupunguza hata senti. Korongo walikuwa wameshapanda kuelekea ukingo wa Kanyamwa. Shemeji, shingo na mikono imemvimba, aliniomba tusiondoke kwanza.