Mirija ya NADH iliyogoma kubadilika rangi

Wiki tatu mfululizo mirija yangu ya NADH ilibaki njano, sawa kabisa na ule niliotia maji matupu. Nilikuwa napima koenzaimu moja (molekuli inayosaidia vimeng'enya kufanya kazi) katika sura zake mbili ndani ya chembe za hamira: NAD+, isiyo na mzigo, na NADH, ambayo tayari imebeba hidrojeni. Hamira haikuwa chaguo la ajabu, maana Harden na Young waliigundua koenzaimu hii humo humo mwaka 1906. Yangu ilikuwa ya dukani, ile ile ya mandazi, nikaikuza kwenye maji ya sukari. Kwa baridi ya Juni hapa Mbeya ilichacha kwa kujivuta, basi lawama zote nikaitupia yenyewe.

Kipimo kinafanya kazi kama bajaji ya Kabwe, hapa mjini. Kimeng'enya kinachukua hidrojeni kwenye ethanoli na kuipakia NAD+, inakuwa NADH. NADH inaishusha kwenye rangi iitwayo MTT, ambayo inatoka njano na kuwa zambarau. Kisha gari linarudi kupakia tena. Hivyo hata koenzaimu kidogo sana inaonekana. Ubaya wake, bajaji haijali imeanza safari ikiwa tupu au imejaa. Ukitaka kupima sura moja, lazima uiue nyingine kwanza.

Mimi nilikuwa nimezipasua chembe zote kwa asidi, kwa sababu tu maelekezo ya asidi ndiyo yaliyokuwa yamebandikwa ukutani; alkali ya kuiua NAD+ niliitia baadaye kwenye mirija ya NADH.

Mzee mmoja, fundi wa maabara, akasimama nyuma yangu. "Mwanangu, asidi umetia kote?"

"Kote, mzee."

"Hebu itie kwenye NADH safi, tuone."

Nikayeyusha kidogo, milimolari 0.1, nikasoma mwanga inaoufyonza kwenye nanomita 340: 0.62, kama vitabu vinavyosema. Nikadondosha asidi. Namba ikaanza kuporomoka mbele ya macho yetu. Wiki tatu nilikuwa naiua NADH kwa mkono wangu, halafu naitafuta!

Tukaanza upya. Kila sampuli niliigawa mara mbili: nusu kwenye asidi ya hidrokloriki, inayobakiza NAD+, nusu kwenye hidroksidi ya sodiamu, inayobakiza NADH. Zote nyuzijoto 60 kwa nusu saa, kisha kwenye barafu, kisha kuzimua hadi pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, irudi katikati. Hapo kwenye kuzimua usiwe na papara: kwenye nusu ya alkali unazimua kwa asidi, na tone moja likizidi, NADH inaondoka tena. Nilifanya kwa matone, nikikoroga.

Mirija ya NAD+ ilikolea haraka. Ya NADH ilichelewa, ikaanza kijivu, halafu zambarau hafifu. Barafu nilikuwa nimenunua kwa muuza samaki Mwanjelwa, na daftari langu la maabara linanuka mbasa mpaka leo.