Siku sahani ya Arecibo ilipoanguka

Juzi binti yangu kaweka kiganja juu ya lile boksi dogo nyuma ya televisheni, akakiondoa haraka, akaniuliza, "Mama, mbona kana joto hivi, kanaumwa?" Nikacheka, nikamwambia hakaumwi, kanafanya kazi. Akauliza kazi gani, na kazi ya nani. Hapo ndo nikakwama, maana la kwanza ningejaribu kulijibu, la pili nikabaki nimeshika rimoti tu.

Ndani ya boksi kuna bodi ya Raspberry Pi 4 ya giga 4, kikompyuta kizima kinachoenea kiganjani, na nilishapigana nayo vita vya feni (bila feni ilikuwa inapanda mpaka nyuzi 80, ikifika hapo inajipunguzia spidi yenyewe isiungue, kazi zinaanza kujikokota). Nikaiwekea BOINC, programu ya kuwaazimisha wanasayansi kompyuta yako, nikaiunga na mradi wa Einstein@Home, basi, ikawa inakula wati zisizofika 10 usiku na mchana na mimi naendelea na mambo yangu.

Kwa wageni tu, kwa kifupi. Einstein@Home ipo tangu 2005, inaomba kompyuta za watu wa kawaida zisaidie kupekua data za wanasayansi. Mashine kubwa zenye kadi za picha (GPU, zile za magemu) zinapewa mizigo mizito, hizi bodi zetu za ARM (prosesa za aina ya zile za simu) zinapewa kutafuta pulsa, yaani nyota za nyutroni (mabaki madogo, mazito ya nyota zilizolipuka) zinazozunguka kwa kasi na kutupiga kwa mawimbi ya redio kila zikigeuka. Tatizo ni pulsa yenye mwenza, yaani nyota nyingine iliyo pamoja nayo. Nayo inamzunguka mwenzake, kwa hiyo mara inatukaribia mara inatukimbia, na mapigo yake yakifika hapa yameshavurugika, hayana mpangilio unaoonekana. Kompyuta inachofanya ni kubahatisha: tuseme njia yake ni hii, inanyoosha mawimbi kwa kufuata hiyo njia, inaangalia kama kuna mapigo, hakuna, inajaribu njia nyingine, hakuna, nyingine tena, maelfu kwa maelfu. Ndo maana joto.

Na data zenyewe zilikuwa zinatoka Arecibo, darubini ya redio ya Puerto Rico, kisiwa cha Karibi. Sahani ya mita 305 iliyolazwa kwenye bonde, ilikuwa pale tangu 1963, na juu yake jukwaa la tani 900 likining'inia kwenye kebo. Pulsa ya kwanza kabisa yenye mwenza ilionekana pale mwaka 1974, na walioiona wakapewa Nobeli 1993. Kwa hiyo sio antena ya hivihivi.

Mwaka 2020 tulikuwa na mengi ya kuogopa, lakini mimi nikajiongezea na la kebo. Mwezi Agosti kebo moja ikachomoka. Novemba ikakatika nyingine, kebo kuu. Kabla mwezi haujaisha wenyewe wakasema haitengenezeki bila kuhatarisha roho za watu, itabomolewa kwa utaratibu. Haikusubiri huo utaratibu. Tarehe 1 Desemba, saa mbili kasoro asubuhi ya kule, kebo zilizobaki zikaachia na jukwaa lote likashuka juu ya sahani.

Mimi nimeisoma kwenye simu, nimesimama jikoni. Sikulia, msije mkasema. Nilichofanya ni kwenda kwenye laptopu, nikaingia kwenye ile bodi kwa terminali (lile dirisha la kuandika amri), sijui hata nilitegemea kukuta nini, labda nilidhani itakuwa imekaa bure, haina kazi, seva inayogawa kazi imenyamaza.

Ilikuwa inapiga kazi kama kawaida. Kazi nne, moja kwa kila kiini (core) cha prosesa, joto nyuzi 63. Nikaomba orodha. Sasa majina ya hizo kazi huwa nayapita tu, marefu, yamejaa nukta na namba, hakuna mtu anayasoma. Siku ile nikayasoma. Yanaanza na p2030, halafu nukta, halafu tarakimu nane, halafu G na namba za upande gani wa anga. Zile tarakimu nane ni tarehe. Mwaka, mwezi, siku: siku ambayo sahani ilielekezwa pale na kurekodi. Miezi yote ile zilikuwa mbele ya macho yangu na sijawahi kuzitazama kama tarehe. Ya kwanza ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma, ya pili nayo, ya tatu siku hiyohiyo na ya pili, yaani kuna mchana au usiku mmoja kule bondeni kebo zote zikiwa nzima, mtu yuko zamu, chai yake pembeni labda, anga inapita juu, na kile kipande cha anga ndo hiki kinachopasha moto boksi langu sasa hivi, wakati picha ya sahani imetobolewa katikati iko kwenye simu yangu.

Nikakaa. Kuna ile namba inayoonyesha kazi imefika wapi, ina desimali sita, ukiomba orodha tena baada ya muda unakuta zile za mwisho zimesogea. Nikawa naomba, naangalia, naomba tena. Zinasogea. Mume wangu akapita akauliza kuna nini, nikamwambia darubini imeanguka, akauliza ya nani.

Mengine niyapitishe haraka. Kazi ile ya pili iliisha usiku, ikatumwa, ikakaa kwenye kusubiri, maana jibu la mashine moja halikubaliki mpaka mashine nyingine ya mtu mwingine ije na jibu linalolingana. Hapo bodi yangu na dude la mtu lenye mafeni sita wanahesabika sawa, hilo nalipenda, sikatai. Siku chache baadaye ikathibitishwa. Mwenzangu alikuwa ameficha jina.

Pulsa hatukupata. Kuna waliopata: ya kwanza ilitangazwa 2010, ilionekana kwenye kompyuta za mume na mke wa Iowa, Marekani, na ya mtu mmoja wa Mainz, Ujerumani, wote walikuwa wameacha tu mashine zikiwaka. Data zilikuwa za Arecibo hizohizo. Mimi najua kadi nzuri ya picha inamaliza kwa dakika kile ambacho bodi yangu inakihangaikia nusu siku, na kuna wakati nafikiri nilikuwa napenda tu kuona namba zikisogea na sayansi nimeibandika juu yake nijione wa maana. Kuna wakati nafikiri hapana, yale masaa yalishalipiwa na sahani haitarekodi tena, kwa hiyo kila faili lililobaki lazima mtu alipitie, hata polepole.

Na kazi za p2030 ziliendelea kuja, wala hazikuonyesha dalili ya msiba. Mume wangu aliuliza tena mwaka ule, na mwaka huu kauliza, kwa nini nisikizime sasa maana antena yenyewe haipo. Huwa namwambia umeme wake ni kidogo, hata taa ya sebuleni inakula zaidi, jambo ambalo ni kweli kabisa ila sicho alichouliza.