Kuchambua tabaka za kioo cha TV: anza na kalkuleta

Vioo vya TV vilivyokufa vimejaa kwa mafundi wa Kariakoo, na anayetaka kujifunza tabaka za ndani hukimbilia huko. Anza na kalkuleta mbovu ambayo skrini yake bado inaonyesha tarakimu. Skrini yake ina mambo yote ya msingi, haina rangi wala transista za kukuchanganya, na ikivunjika huna hasara.

Kuna vioo viwili vilivyofungwa pembezoni kwa gundi, na kila kimoja kimebandikwa polaraiza upande wa nje, plastiki inayopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu. Polaraiza ya nyuma ina mgongo wa rangi ya fedha unaorudisha mwanga. Katikati ya vioo ndiko iliko fuwele kimiminika, yaani majimaji ambayo molekuli zake hujipanga kama za fuwele, unene wake mikromita chache tu; unywele una kama 70. Upande wa ndani kila kioo kimepakwa oksidi ya indiamu na bati, inayopitisha umeme, na juu yake plastiki ya poliimidi ya takriban mikromita 0.1 iliyosuguliwa kwa kitambaa ili molekuli zilale kufuata mkondo mmoja. Mikondo ya vioo hivyo viwili imepishana kwa digrii 90, basi molekuli hujisokota kutoka kioo hadi kioo na kuugeuza mwanga upite polaraiza ya pili. Umeme ukiondoa msokoto, mwanga huzuiwa na hapo panaonekana peusi.

Skrini ikiwa bado kwenye bodi yake, inua kona ya polaraiza ya mbele kwa wembe, pasha kwa bloa ya moto mdogo, kisha vuta ukiilaza karibu na kioo. Ukiivuta kwenda juu, kioo kinakatika. Vaa glavu, na ukigusa majimaji ya ndani nawa kwa sabuni. Gundi iliyobaki futa kwa spiriti. Asetoni iache, maana huvimbisha triasetati ya selulosi, plastiki inayofunika polaraiza, na kuipasua akriliki.

Washa kalkuleta. Tarakimu hazionekani. Rudisha plastiki juu ya kioo, zinatokea. Izungushe digrii 90, zinakuwa nyeupe kwenye weusi. Kumbe fuwele yenyewe haitoi weusi wowote! Irudishe polaraiza ilivyokuwa na upulize joto: skrini nzima inageuka nyeusi, ikipoa inarudi. Joto limeifanya fuwele kuwa kimiminika cha kawaida, msokoto umepotea. Ni badiliko la aina ile aliyoiona Friedrich Reinitzer mwaka 1888 katika benzoati ya kolesterili: iliyeyuka ikiwa na ukungu kwenye 145.5°C, ikawa angavu kwenye 178.5°C.

Sasa nenda kwenye TV. Zile za zamani zenye taa za mirija zina zebaki, kwa hiyo mirija usiivunje. Kwenye TV yenye LED za pembeni, kutoka nyuma utakuta karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga, bamba la akriliki, plastiki ya kusambaza mwanga, na moja au mbili za prizimu, zenye mifuo midogo ya kuelekeza mwanga mbele. Tia alama kwenye kona ya kila plastiki kabla ya kuitoa. Kisha iweke kati ya vipande viwili vya polaraiza vilivyokingamana hadi giza: poliesta iliyovutwa kiwandani huonyesha rangi kama upinde wa mvua unapoizungusha, wakati akriliki hubaki na giza isipokuwa penye mkazo.

Kabla ya kununua polaraiza mpya, washa taa za nyuma tu, kioo kikiwa hakina umeme. Kikiwa cheupe ni TN, aina yenye msokoto kama wa kalkuleta, na mhimili wa polaraiza (mwelekeo wa mwanga inaoupitisha) kwa kawaida umelala digrii 45 na ukingo. Kikiwa cheusi ni IPS au VA, aina zisizo na msokoto huo, na mhimili hufuata ukingo. Wengi hukata bila kuangalia, kisha wanalaumu bodi picha ikipauka.

Mwambao huu wetu huiua plastiki mapema kuliko fuwele. Kiini cha polaraiza ni polivinili alkoholi yenye iodini, imebanwa kati ya triasetati. Joto na unyevu huivuruga iodini, kingo zikapauka au kubadilika rangi. Triasetati nayo humomonyoka na kutoa asidi ya asetiki. Ukifungua TV ukasikia harufu ya siki, hiyo ndiyo sababu. Sampuli ya namna hiyo ihifadhi mbali na nzima, maana mvuke wake huharakisha kuharibika kwa zilizo jirani. Nzima zitie kwenye mfuko unaofungika pamoja na silika jeli (punje za kunyonya unyevu), na mhimili wa kila moja uchore kwa mshale wa maka peni.